Mtoto Anataka Kusomea Siasa

Siku hizi barua ya kuitwa chuo kikuu haiji kwa posta. KUCCPS, shirika linalowagawa watahiniwa vyuoni, huweka matokeo mtandaoni, na simu ya kuyasomea mara nyingi ni ya mama, maana ndiyo yenye bando. Chukua jioni yoyote Siakago, Nkubu au Kianjai. Moto umeshika, sufuria ya githeri imefunikwa, na mama anasogeza kioo cha simu karibu na taa asome maandishi madogo: Shahada ya Sanaa katika Sayansi ya Siasa. Anarudia kusoma. Kisha anamgeukia kijana na kumuuliza, "Kwani wewe unataka kuwa mheshimiwa?"

Kijana hucheka tu. Swali hili nimelisikia mara nyingi, kwa Kiembu, kwa Kimeru na kwa Kiswahili cha stendi, na sijawahi kumsikia mtoto akilijibu. Si kosa lake. Hakuna aliyemwambia kozi hiyo ni ya nini, na chuo atakakoenda huenda kisimwambie pia mpaka mwaka wa tatu. Nataka kulijibu mimi, tena kwa kuangalia huku huku kwetu, kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, kwa sababu nadhani jibu liko karibu kuliko vitabu vinavyosomwa.

Tuanze na mheshimiwa mwenyewe. Kiraitu Murungi, aliyekuwa waziri, seneta na kisha gavana wa Meru, alisomea sheria. Peter Munya, gavana wa kwanza wa kaunti hiyo, sheria. Gitobu Imanyara, mhariri wa jarida la Nairobi Law Monthly aliyefungwa kwa sababu ya kalamu yake na baadaye akawa mbunge wa Imenti ya Kati, sheria. Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi, Naibu wa Rais tangu Novemba 2024, ni profesa wa sheria. Sheria ya Uchaguzi inamtaka anayewania ugavana awe na shahada ya chuo kikuu kinachotambuliwa, lakini haisemi shahada ya nini. Aliyesomea ufugaji wa kuku anakaribishwa sawasawa na aliyesomea Aristotle. Kwa hiyo mama aondoe shaka: kama mwanawe anatafuta kiti, kozi hii si njia ya mkato.

Basi ni kozi ya nini? Kwa miaka minne mwanafunzi hupitishwa katika mambo manne au matano makubwa. Kuna fikra za siasa, kuanzia Plato hadi Machiavelli, Hobbes, Locke na Rousseau, na kwa bahati njema siku hizi Fanon, Nkrumah na Nyerere pia. Kuna siasa linganishi, ambapo nchi huwekwa kando kando zipimwe. Kuna uhusiano wa kimataifa, ambao ndio huwavutia wengi kwa sababu unanukia ubalozi. Kuna utawala wa umma, yaani bajeti, wizara, watumishi na zabuni, somo ambalo wanafunzi huliona kavu na ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye nyama. Halafu kuna mbinu za utafiti: namna ya kuuliza swali, kuchagua watu wa kuhojiwa na kutojidanganya kwa majibu yao.

Ukitaka kuona kozi hii ikiwa na jina lake kamili, nenda Chuo Kikuu cha Nairobi, kwenye Idara ya Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma. Moi huko Eldoret waliiunganisha na historia. Vyuo vya ukanda wetu vilizaliwa kwa haja nyingine. Chuo Kikuu cha Embu, kilicho kando ya barabara kuu ya kwenda Meru, kilirithi uwanja wa chuo cha kilimo cha tangu enzi za mkoloni, kikawa chuo kishiriki cha Nairobi mwaka 2011 na kupata hati yake 2016. Kile cha Meru, kilichopata hati 2013, jina lake lenyewe linasema ni cha sayansi na teknolojia. Chuo Kikuu cha Methodisti, Kaaga, kilichopewa hati 2006, kina mizizi katika mafunzo ya wahubiri na ya wakulima. Chuka, katikati ya njia, kilitoka ubavuni mwa Egerton. Ng'ombe, mashine, Biblia: hizo ndizo zilikuwa shida zilizoonekana. Siasa ilidhaniwa kuwa kitu ambacho watu wa hapa tayari wanakijua, pengine kupita kiasi.

Na kweli wanakijua. Lakini kuna wakati hapa elimu yenyewe ilikuwa kura. Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Mpigakura hakuhesabiwa mmoja kwa mmoja. Aliyesoma, aliyekuwa na mapato au mali ya kiwango fulani, au aliyetumikia serikali kwa muda mrefu, angeweza kuwa na kura mbili au hata tatu. Na katika Mkoa wa Kati, ambao wakati huo ulizijumuisha Embu na Meru, haikutosha kusoma. Ilikuwa bado ni Hali ya Hatari, na Mkikuyu, Muembu au Mmeru alihitaji kwanza cheti cha utiifu kuthibitisha kwamba hakuwa upande wa Mau Mau. Kwa utaratibu huo Bernard Mate, mtu wa Meru, alimshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza hilo tangu 1944.

Msomi wa siasa akilipata tukio hili anaweza kukaa nalo muhula mzima. Nani anastahili kupiga kura? Cheti cha shule kinapimaje akili ya mwananchi? Serikali inapowapa kura watiifu peke yao, mshindi anawakilisha nani? Haya ndiyo maswali ambayo John Stuart Mill aliyaandikia kurasa kule Uingereza karne ya kumi na tisa, alipopendekeza wasomi wapewe kura zaidi. Mwanafunzi atamsoma Mill. Nina shaka kama ataambiwa kwamba wazo hilo lilitua hapa kijijini likiwa na mhuri wa Mkuu wa Wilaya, na kwamba babu yake huenda alipanga foleni akiwa na kura moja nyuma ya mwalimu mwenye tatu.

Hilo ndilo lalamiko langu kuu kuhusu namna somo hili linavyofundishwa: siasa huwekwa mbali. Mwanafunzi anajua tofauti ya Hobbes na Locke, lakini hajawahi kuketi kwenye jukwaa la wananchi la bunge la kaunti. Na hili ni jambo la kushangaza, kwa sababu kuna kitu kimoja ambacho Embu na Meru zinaweza kumfundisha mwanafunzi wa siasa popote Afrika: namna ya kumwondoa gavana.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 181, inaruhusu gavana abanduliwe kwa kukiuka Katiba au sheria kwa kiwango kikubwa, kwa kushukiwa vikali kutenda uhalifu, kwa kutumia ofisi vibaya au mwenendo mbaya wa kupindukia, au kwa kutojiweza kimwili au kiakili. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikaeleza hatua. Hoja huhitaji kuungwa mkono na theluthi moja ya madiwani ndipo ifike mezani, na theluthi mbili ndipo ipite. Kisha huenda Seneti, ambayo inaweza kuunda kamati maalumu ya maseneta kumi na mmoja na kuipa siku kumi. Kamati ikisema mashtaka hayana msingi, mambo yanaishia hapo. Ikisema yana msingi, Seneti nzima hupiga kura shtaka kwa shtaka.

Ukisoma hivyo kwenye karatasi, ni kama ratiba ya basi. Embu ndiyo iliyoipanda kwanza. Januari 2014 madiwani walimbandua Martin Wambora, wakitaja manunuzi ya mbegu za mahindi na ukarabati wa uwanja wa michezo, na Februari Seneti ikakubali. Alikuwa gavana wa kwanza nchini kuondolewa kwa njia hiyo. Aprili, Mahakama Kuu ya Kerugoya ikamrudisha, ikisema waliomwondoa waliendelea licha ya amri ya korti. Madiwani hawakuchoka: wakamwondoa tena mwezi huo huo, na Seneti ikakubali tena Mei. Kesi zikafuata kesi. Mahakama ya Rufaa ikaweka kipimo ambacho tangu hapo kila wakili wa gavana hukibeba mfukoni: makosa yawe mazito, tena lazima kuwe na kitu kinachomuunganisha gavana mwenyewe na kosa hilo. Haitoshi kwamba mbegu zilinunuliwa vibaya katika kaunti yake. Wambora alibaki ofisini, akachaguliwa tena 2017, akamaliza muhula wa pili 2022.

Halafu Meru. Kawira Mwangaza aliingia 2022 bila chama, akawashinda Kiraitu Murungi aliyekuwa gavana na Mithika Linturi wa chama cha UDA. Kabla ya hapo alikuwa mwakilishi wa wanawake, nafasi ambayo pia aliipata kama mgombea huru. Alikuwa na televisheni yake inayotangaza kwa Kimeru na mradi wa hisani wa kugawa ng'ombe na kujengea watu nyumba. Alichokosa ni madiwani. Desemba 2022, miezi minne baada ya uchaguzi, walimbandua. Kamati ya Seneti ikasema hapana. Oktoba 2023 walimbandua tena. Safari hii Seneti nzima ikaketi na kumwondolea mashtaka yote. Agosti 2024, mara ya tatu, Seneti ikakubali. Akapata amri ya korti, akakaa, mpaka Machi 2025 Mahakama Kuu ilipokataa kesi yake, na naibu wake Isaac Mutuma akaapishwa.

Mtu wa kawaida akihadithiwa haya husema, "Ni siasa tu," akimaanisha hakuna zaidi ya fitina. Mwanafunzi wa siasa anapaswa kuishtukia sentensi hiyo. Huko Meru gavana ni yule yule, bunge la kaunti ni lile lile, lawama zinakaribiana, na bado mara mbili aliokoka na ya tatu akaondolewa. Kitu gani kilibadilika? Mara ya kwanza uamuzi ulikuwa wa maseneta kumi na mmoja chumbani. Mara ya pili ulikuwa wa ukumbi mzima mbele ya kamera. Mara ya tatu hata ukumbi ulikuwa umebadili mawazo. Je, ni ushahidi uliobadilika, au ni hesabu za vyama Nairobi? Na gavana asiye na chama anaweza kutawala bila diwani hata mmoja anayemdai kitu? Embu ilituonyesha korti inavyoweza kumwokoa gavana, na Meru ikatuonyesha wokovu huo unavyoweza kufika mwisho. Ukiziweka pamoja umefanya siasa linganishi, na nauli ya matatu ya kutoka kaunti moja hadi nyingine haifiki bei ya kitabu kimoja cha somo hilo.

Kuna mfano mwingine ambao naupenda zaidi, kwa sababu unaanzia shambani. Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka katika kaunti yake, na Kilifi ikafuata. Muguka ni majani, ndugu wa miraa, na hukuzwa zaidi Mbeere, upande wa chini na mkavu wa Embu, ambako mahindi hukata tamaa kabla ya mkulima. Gavana Cecily Mbarire wa Embu akaja juu. Rais akasema marufuku hiyo haina nguvu kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya nchi, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha.

Sasa fungua Jedwali la Nne la Katiba, lile linaloeleza kazi ya serikali kuu na kazi ya kaunti. Kilimo kimo kwenye orodha ya kaunti, lakini sera ya kilimo imebaki juu. Na kwenye orodha hiyo hiyo ya kaunti, karibu na mwisho, utakuta udhibiti wa dawa za kulevya. Kwa hiyo ugomvi wote ulisimama juu ya swali moja la istilahi: jani likiwa Siakago ni zao; likishuka kutoka kwenye gari la probox Mombasa, je, bado ni zao au limegeuka kuwa dawa? Mama wa Mombasa anayemwona mwanawe akitafuna usiku kucha ana jibu lake. Mama wa Mbeere aliyelipa karo kwa majani hayo hayo ana lake. Mama wa pili ndiye tuliyemwacha jikoni anamuuliza mwanawe kuhusu mheshimiwa. Karo ya kusomea siasa imetoka kwenye muguka, na muguka ni siasa, lakini kijana ataandika insha ya mwisho wa muhula kuhusu Umoja wa Ulaya.

Nisiwaonee wahadhiri. Chuo kinachofundisha watu mia tatu katika ukumbi mmoja hakiwezi kuwapeleka wote kwenye bunge la kaunti, na mhadhiri wa kibarua ambaye malipo yake yamechelewa hana nguvu za kuandika mtaala upya. Tena tatizo huanza mapema zaidi ya chuo. Katika somo la Historia na Serikali, mwanafunzi wa sekondari hukutana na Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru. Hukutana nalo kama orodha: taja kazi tatu za Njuri Ncheke. Kuamua kesi, kutunga sheria, kulinda mila. Alama tatu, twende swali linalofuata. Nimekaa na kijana wa Tigania anayeikariri orodha hiyo huku babu yake, aliye mwanachama wa baraza hilo, anaota jua nje kwenye kigoda. Haikumjia kijana kutoka nje kumuuliza.

Na kuna ya kuuliza. Mwaka 1956 baraza hilo, kwa msukumo wa serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku tohara ya wasichana. Wasichana wengi wakakaidi, wakatahiriana wenyewe, na wengi wakapelekwa mbele ya mahakama za kienyeji na kutozwa faini. Mwanahistoria Lynn Thomas aliandika juu ya jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 2003. Hapo utaona dola inavyotumia wazee, wazee wanavyotumia dola, na mabinti wadogo wanavyowapinga wote wawili, wakishikilia jambo ambalo leo tunalikataza. Sijui mfano mwingine unaomtesa mwanafunzi kwa uzuri hivyo: anataka kumshangilia anayepinga mkoloni, kisha anatazama alichokuwa anakipigania. Hekalu la Njuri Ncheke liko Nchiru. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru pia.

Lugha nayo ina mkono wake. Mhadhara ni Kiingereza, mtihani ni Kiingereza, lakini siasa yenyewe hufanyika kwa Kimeru, Kiembu na Kiswahili. Mwanafunzi akirudi likizo na kuambiwa aeleze alichosoma, hukwama; si kwa sababu hajui, bali kwa sababu amejua kwa lugha isiyopikiwa nyumbani. Hata hivyo Kiswahili cha Kenya kimefanya kazi kubwa tangu 2010. Ugatuzi, kubandua, mwakilishi wadi, ushirikishi wa umma: haya ni maneno yanayosikika sokoni Embu siku ya soko, na muuza ndizi huyatumia bila kuomba ruhusa kwa profesa. Kimeru nacho kina kiama, baraza, neno ambalo ukilitega sikio utalisikia likijibizana na chama. Kama ningekuwa mwalimu wa mwaka wa kwanza, kazi ya kwanza ningewapa wanafunzi iwe hii: nendeni mumweleze bibi yenu kipimo cha Mahakama ya Rufaa kuhusu Wambora, bila neno moja la Kiingereza, na mlete maswali aliyouliza.

Kuna wazazi wengine ambao hofu yao haihusu kazi wala lugha. Hawa walikuwa vijana mwaka 1982. Mwaka huo wahadhiri kadhaa walikamatwa, na baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka. Tito Adungosi, kiongozi wa wanafunzi, alifungwa miaka kumi na akafia gerezani 1988. Mzazi wa rika hilo akisikia neno siasa karibu na neno chuo, huona lori la polisi. Na si haki kumwambia kwamba hayo yamepita. Februari 27, 2018, karibu na Chuo cha Meru pale Nchiru, wanafunzi wakiandamana kuhusu karo, Evans Njoroge, katibu mkuu wa chama chao, alipigwa risasi akafa. Desemba 2024 kijana mmoja alitekwa mjini Embu baada ya kuchapisha mtandaoni picha za kumdhihaki Rais, akarudi kwao Januari. Wala huyu katibu wala huyu kijana hakuhitaji shahada ya siasa ili siasa imfikie.

Chama cha wanafunzi chenyewe kingekuwa maabara nzuri. Zamani komredi alimchagua kiongozi wake moja kwa moja, kwa nyimbo, kwa fujo na, tusifichane, kwa bia za mwanasiasa fulani wa nje. Mwaka 2016 Bunge likabadili Sheria ya Vyuo Vikuu: wanafunzi wachague wajumbe wa vitivo, wajumbe ndio wachague viongozi. Utulivu umeongezeka. Lakini angalia kejeli iliyopo. Mwanafunzi huyo huyo Agosti akipiga kura ya taifa hupewa karatasi sita na kumchagua rais kwa mkono wake mwenyewe. Akirudi bewani haaminiwi kumchagua katibu. Na ni rahisi zaidi kuwanunua wajumbe mia moja kuliko wanafunzi elfu nane. Hesabu hiyo hata aliyesomea kilimo anaiweza.

Pesa nitazipitia haraka kwa kuwa kila mtu anazijua kwa uchungu wake. Mtindo wa zamani wa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa serikali uliondoka 2023, ukaja mfumo wa bendi tano, ufadhili, mkopo wa HELB na mchango wa familia. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka Katiba. Baadaye Mahakama ya Rufaa ikasitisha uamuzi huo. Familia zilizowekwa bendi ya juu kwa sababu baba ana pikipiki zinaendelea kukata rufaa. Na kwa upande wa serikali, upepo unavuma kuelekea sayansi: katika mtaala mpya wa umilisi, lengo ni wanafunzi sita kati ya kumi wa sekondari ya juu wafuate njia ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Anayechagua siasa anaogelea dhidi ya mkondo, na ni vizuri ajue hivyo.

Kazi? Zipo, ila hazina bango. Shahada hii peke yake haimpi mtu namba ya TSC, tume ya walimu, ya kufundisha. Ninaowafahamu wako kwenye ofisi za wadi wakiandika ripoti za miradi, kwenye mashirika ya haki, redioni, polisi, kwenye ofisi za makarani wa mabunge ya kaunti, na wachache kwenye kampeni, ambako hulipwa vizuri kwa miezi minne na kusahauliwa kwa miezi hamsini na sita. Waliofaulu wana kitu kimoja kinachofanana: wanaweza kusoma waraka wa kurasa mia mbili, wa bajeti kwa mfano, na kukuonyesha ukurasa ambao barabara ya kwenu ilihamishiwa wadi nyingine. Diwani humwogopa mtu wa namna hiyo kuliko anavyoogopa mpinzani.

Mmoja wao ni binti wa Tigania aliyemaliza kozi hiyo, akakaa nyumbani mwaka mmoja na nusu, kisha akaajiriwa na tume ya uchaguzi, IEBC, kwa siku chache kusimamia kituo cha kura katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022. Kituo chake kilikuwa darasa la shule ya msingi, lenye picha za herufi ukutani na madawati yaliyosukumwa pembeni. Walianza kuhesabu usiku. Alininong'oneza baadaye kwamba alichokikumbuka kutoka chuoni usiku ule ni somo moja tu, kuhusu hukumu ya 2017 katika kesi ya Maina Kiai, iliyosema matokeo ya urais yaliyotangazwa kituoni ni ya mwisho, hayawezi kubadilishwa huko juu. Maajenti wa wagombea walikuwa wamechoka na wanagombana kuhusu karatasi moja iliyotiwa alama nje ya kisanduku. Alifungua kijitabu cha kanuni, akawasomea kwa Kiingereza, akaona nyuso hazijasogea, akawaeleza tena kwa Kimeru. Karatasi ikahesabiwa.

Karibu saa tisa usiku alijaza Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais, maajenti wakatia sahihi, na nakala moja akaibandika mlangoni kwa gundi ya shule. Nje kulikuwa na watu wachache waliokataa kwenda kulala. Mzee mmoja mwenye tochi alisogea, akapitisha mwanga juu ya tarakimu moja moja, akizisoma kwa sauti, kisha akamuuliza kama karatasi ile itakuwepo hapo asubuhi. Binti akamwambia itakuwepo. Mzee akavuta kiti cha mtoto kutoka darasani, akakiweka karibu na mlango, akaketi.